Mioto ya Baraza la Makambako

Vijana wangu mnaoanza kazi ya kuendesha mahakama,

Majuzi nilialikwa arusini hapa Makambako, nikaketishwa karibu na karani kijana ambaye hakunifahamu. Alikuwa akiwasimulia wenzake habari za Karani Mkuu mmoja wa zamani za Waingereza, mzee mkali asiyecheka, ambaye siku moja ya kipupwe alichukua ndoo ya maji akauzima moto wa mashahidi, ili baridi iwabane mpaka waseme kweli. Wenzake walifurahi sana. Nilimwuliza kwa upole kama alikuwapo. Akanijibu, "Sikuwapo, babu, lakini jambo hilo linajulikana na kila mtu."

Karani Mkuu huyo ni mimi. Sikuzima moto wowote. Niliwasha. Kwa kuwa jambo linalojulikana na kila mtu ndilo lililonisumbua katika kazi yangu kuliko wizi na ugomvi, nimeona ni wajibu wangu kuwaandikia habari hii kama nilivyoiona.

Kwanza fahamuni kazi yenyewe ilikuwa nini, maana wengi hudhani kwamba karani wa mahakama ni mkono wa kuandika tu. Katika mabaraza ya wenyeji, hakimu na wazee wake ndio walioamua nani ana haki. Karani Mkuu hakuwa na kauli katika hukumu, na ole wake akijaribu kuwa nayo. Lakini ni yeye aliyepanga shauri lisikilizwe lini, nani aitwe kwanza, nani asubiri wapi, tarishi yupi apeleke wito upande upi, na makarani wa mabaraza madogo wawe watu wa namna gani. Nilianza nikiwa karani mdogo kabisa pale Njombe, nikapanda cheo baada ya cheo, hadi nikakabidhiwa usimamizi wa mabaraza yote ya upande wetu. Niliyazungukia kwa baiskeli, koti zito mwilini na kanuni za mahakama katika mkoba. Watu wengi waliniogopa. Sikuliona hilo kuwa kosa.

Aliyenifundisha ni Mzee Zakaria, Karani Mkuu wa Njombe kabla yangu, mtu mrefu, mkimya, aliyefunga vifungo vyote vya koti hata jua likiwa kali. Siku yangu ya kwanza sikupewa kalamu. Nilikuwa nimetoka shule ya serikali nikiwa na cheti kizuri na kiburi cha kutosha, nikatarajia kuonyeshwa meza. Mzee Zakaria alinionyesha ukuta wa nje, akaniagiza niketi hapo pamoja na wanaosubiri mashauri, mpaka baraza lifungwe. Jioni aliniita akaniuliza nimeona nini. Nikaanza kumweleza: huyu amemwibia yule, yule amemtorosha binti wa fulani. Alinyanyua mkono.

"Nimekuuliza ulichokiona," alisema. "Ulichokisikia kiache huko huko nje."

Sikuwa nimeona chochote. Kesho yake alinirudisha ukutani. Safari hii nilitumia macho. Niliona kwamba njia ya kwenda msalani ilipita chini ya dirisha la baraza, na kwamba shahidi mwenye haja za mara kwa mara aliweza kusikia ushahidi wote wa wenzake kabla hajaitwa. Niliona kwamba akina mama wenye watoto walisimama upande unaopigwa na upepo, kwa sababu wanaume waliwahi upande wenye jua. Nilipomweleza hayo, Mzee Zakaria alikohoa kidogo, akaenda mwenyewe kuagiza njia ya msalani ihamishwe. Siku ya tatu nilipewa kalamu.

Mengi niliyoyajua baadaye yalitoka katika ukuta ule. Kwa mfano, msimwite shahidi wa Bulongwa siku ya Jumatatu. Kutoka milima ile kuja Njombe kwa miguu ni mwendo wa kweli, na ili afike Jumatatu hana budi kusafiri Jumapili. Wakristo wa huko hawakuwa tayari kuiacha ibada kwa sababu ya ng'ombe wa mtu mwingine. Karani mmoja, kijana msomi, aliwaita Jumatatu mara kadhaa, na kila mara shauri likaahirishwa. Aliniandikia kwamba Wakinga, wenyeji wa milima ile, ni watu wasioheshimu serikali. Nilimjibu kwamba wanaiheshimu sana, ila kuna mwingine wanayemheshimu kwanza, na kwamba Jumatano iko wazi. Walifika Jumatano wote, kabla ya karani mwenyewe.

Tena, msipokee kielelezo kinachokula. Wakati mmoja baraza la Kifanya lilimshikilia mbuzi aliyekuwa akigombaniwa, akafungwa nyuma ya ofisi kungoja hukumu. Shauri lilichelewa kwa sababu hakimu aliugua akapelekwa hospitali ya misheni ya Ilembula. Mbuzi akazaa mapacha. Karani akanijia Njombe, jasho likimtoka katika baridi, kuniuliza kama watoto nao ni vielelezo au ni raia huru. Nilimwambia arudi akawatafutie majani. Tangu siku hiyo niliagiza kwamba mnyama akaguliwe na hakimu siku ya kwanza, kisha akae kwa jirani asiye na ndoto ya kumpata.

Sasa turudi Makambako.

Baraza la Makambako lilikuwa jengo la matofali mabichi lenye paa la nyasi, karibu na njia panda ya magari makubwa. Wanaoishi hapa leo hawahitaji kuambiwa habari za upepo. Katika kipupwe upepo ule hupita ndani ya koti kana kwamba mtu hakuvaa kitu, na asubuhi umande huwa umeganda mweupe juu ya majani. Hakuna hakimu mwenye akili ambaye angewasubirisha watu nje bila moto. Kwa hiyo, tangu baraza lilipojengwa, uliwashwa moto mmoja mkubwa uani, na mashahidi wa mashauri yote, wa mdai na wa mdaiwa, waliuzunguka pamoja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeupita moto ule mara nyingi na kuusifu kwa ukubwa wake.

Katika kipupwe kimoja, miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia, nilikwenda Makambako kulikagua baraza. Shauri la siku ile lilikuwa la kinyungu. Kwa msomaji asiye wa nyanda hizi, kinyungu ni shamba la bondeni, ardhi yenye unyevu inayoinuliwa matuta na kupandwa wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Mwenye kinyungu hula mahindi mabichi na maharage wakati jirani yake anahesabu punje ghalani. Asiye nacho hungoja mvua.

Kinyungu hiki alikilima mjane aliyeitwa Mama Eliya. Mumewe, Stefano, alikuwa amefariki, akamwachia watoto wadogo na bonde lile. Mdai alikuwa shemeji yake, Yona, ambaye alikuwa amekaa miaka katika mashamba ya mkonge huko pwani, akarudi akakuta mabonde yote yana wenyewe. Yona alidai kwamba kinyungu ni chake, na kwamba marehemu ndugu yake alikiazima tu. Sitaki mumchukie Yona. Alikuwa mtu mwenye jembe asiye na mahali pa kulipiga. Lakini kama angeshinda, Mama Eliya angelazimika kuwafunga watoto mizigo na kurudi kwa kaka zake, walikokuwa na shida za kutosha bila yeye.

Niliketi pembeni ya karani wa baraza nikasikiliza. Yona alileta mashahidi watatu. Wa kwanza, Mzee Matayo, alikuwa mtu wa maneno matamu, ambaye kumsikiliza ni kama kula makande yaliyoiva vizuri. Alieleza jinsi Stefano alivyosimama ukingoni mwa bonde, blanketi jekundu mabegani, akasema mbele ya watu kwamba mahali pale ni pa Yona na yeye ameazima tu. Shahidi wa pili akaeleza hivyo hivyo, na blanketi jekundu. Wa tatu vilevile. Mama Eliya alikuwa na shahidi mmoja, mjomba wake, Mzee Petro, aliyekuja kusema kwamba alimwona Stefano akikifungua kinyungu kile kwa mikono yake, pakiwa bado mateteni. Alisema hivyo. Kisha hakimu akamwuliza kama aliwahi kumsikia Stefano akikiri kwamba ameazima. Mzee Petro akaitikia kwa kichwa, akasema ndiyo, alikuwa amevaa blanketi jekundu.

Mama Eliya hakupiga kelele. Aligeuka tu akamtazama mjomba wake, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Hakimu akasema kwamba kesho atasikia maoni ya wazee wa baraza, kisha atatoa hukumu.

Asubuhi ya pili yake nilitoka nje mapema, nikasimama nyuma ya pembe ya ukuta upepo usikonifikia. Nilisimama pale kwa sababu ya baridi, si kwa ujanja. Mzee Matayo alikuwa amekwisha kufika, ingawa ushahidi wake ulikuwa umemalizika. Watu wa namna yake hawakosi mahali penye moto na masikio. Waliokuwa wakiota moto pamoja naye walikuwa mashahidi wa shauri jingine, la ng'ombe aliyeingia shamba la njegere, na Mzee Matayo alikuwa akilisimulia shauri hilo mwanzo hadi mwisho: ng'ombe alipita wapi, alikuwa na pembe iliyopinda namna gani, mwenye ng'ombe alicheka vipi. Kila alipotua, wote walimwitikia, "Ee." Nanyi mnajua adabu ya kwetu. Mtu mzima akisimulia motoni, humkatizi, humwulizi amepata wapi, unamwitikia. Ukikaa kimya umemdharau.

Miongoni mwa walioitikia alikuwa kijana mmoja ambaye alfajiri ile, nikiwapo, alimweleza karani kwamba aliiona mikia ya ng'ombe tu, kwa mbali, wakiondoka. Baadaye aliitwa ndani. Nilimfuata. Akaapa, akaieleza pembe iliyopinda, na namna mwenye ng'ombe alivyocheka.

Nilimtazama usoni. Hakuwa akidanganya. Aliiona pembe ile kabisa, mbele ya macho yake. Alikuwa ameiitikia asubuhi nzima.

Ndipo nikalielewa blanketi jekundu.

Hakimu wa Makambako alikuwa mtu mzima wa ukoo wa watawala, ambaye wenyeji walimwita Mtwa kwa heshima, na aliyezoea kwamba makarani husema wanapoulizwa. Niliomba kuzungumza naye faraghani, nikamweleza nilichokiona.

"Unataka niwaambie wazee wa watu kwamba wameliongopea baraza?" aliuliza.

"Hapana, Mtwa. Hawakuongopa. Kila mmoja alisema ya Matayo."

"Umeambiwa na nani?"

"Sikuambiwa. Nimesimama ukutani nikaona."

Alivuta blanketi lake, ambalo kwa bahati njema lilikuwa la kijivu. "Basi niuondoe moto? Wakifa kwa baridi utawaandika wewe?"

"Naomba tuongeze mioto," nikasema.

Alinitazama kama mtu anayepima kama mwenzake ana homa. Nikamweleza mpango. Mashahidi wa shauri la kinyungu waitwe upya, pande zote mbili wakiridhia, siku ambayo kuna mashauri mengi mengine. Uani iwashwe mioto kadhaa iliyoachana, na katika kila moto aketi shahidi mmoja tu wa kila shauri. Wa kinyungu aote pamoja na wa ng'ombe, na wa mahari, na wa mpaka. Hakuna atakayemwitikia mwenzake katika shauri lake, kwa kuwa hakuna mwenzake. Adabu itabaki, na joto litabaki.

Mtwa alitazama nje kuelekea bondeni. Kisha akaniambia jambo ambalo mimi, pamoja na cheti changu, sikuwa nimelipima.

"Matuta hayangoji, Karani. Maji ya bonde yanashuka kila siku. Ukiahirisha sana, atakayeshinda atakuwa ameshinda udongo mkavu. Nakupa wiki moja. Ukichelewa, nitahukumu kwa niliyoyasikia."

Pande zote mbili ziliulizwa barazani. Yona aliridhia upesi, kwa kuwa mashahidi wake walikuwa hodari. Mama Eliya naye aliridhia, lakini baadaye alinifuata njiani, mtoto mgongoni, akanisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, Karani."

"Kamwene, Mama."

"Mnanizungusha. Shemeji yangu amewapa nini hata nirudi tena, wakati wenzangu wanainua matuta?"

Vijana, hapo ndipo mahali pagumu katika kazi hii, na hakuna kanuni inayoupunguza ugumu wake. Nilijua sababu, na sikuruhusiwa kumwambia. Karani akimfariji mmoja wa pande mbili njiani, amekwisha kuliharibu shauri, hata kama faraja yake ni ya haki. Nilimwambia aje siku aliyopangiwa, na mjomba wake aje. Akaniambia kwamba nina moyo wa jiwe la kusagia. Akaondoka. Nilimwona akiteremka kuelekea bondeni, na nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kuni zilikuwa shida ya pili. Baraza lilikuwa na fungu dogo, la moto mmoja. Niliomba ruhusa katika mashamba ya miwati, miti inayopandwa kwa ajili ya magome yake, tukapewa magogo yaliyobanduliwa magome, ambayo hayakuwa na kazi nyingine. Matarishi walitumwa kuyabeba. Tarishi mkubwa, Kalebi, mtu mwaminifu mwenye ulimi wa upanga, aliuliza mbele ya wote kama ameajiriwa kupeleka wito au kupika pilau ya arusi. Wakaanza kuniita Bwana Mioto. Waliponiona nakuja walisimama wima na kusema, "Shikamoo, Bwana Mkubwa," na nikiwapa kisogo, jina lile lilirudi. Niliwaacha. Mtu anayebeba magogo katika upepo wa Makambako ana haki ya kucheka kitu fulani.

Siku ilipofika, mioto ilikuwa imetawanyika uani kama kambi ya askari. Kalebi alimpangia kila mtu mahali pake kwa jina. Mwanzoni palikuwa na ukimya wa kanisani kabla ya baraka; watu walitazamana kama waliobadilishiwa nyumba. Baadaye walianza kuzungumzia mbegu za viazi, na bei ya chumvi, na binti wa mchungaji. Nilipita kati ya mioto nikiwa nimefunga mikono nyuma, nikisikia mambo mengi ya manufaa kuhusu viazi.

Katika moto wa upande wa barabara aliketi Mzee Matayo. Hakuweza kujizuia. Aliwaanzia wageni wale habari ya Stefano na ukingo wa bonde na blanketi jekundu, kwa uzuri ule ule. Lakini waliomzunguka hawakumjua Stefano, wala hawakuwa na bonde Makambako. Mmoja wao alikuwa bibi kizee wa Bulongwa, aliyekuja kwa shauri la mahari ya mjukuu wake, na ambaye alikuwa amechoka kwa safari. Alimsikiliza mpaka alipotua, kisha, badala ya kumwitikia, akauliza kama mtu anayeuliza njia: "Ulikuwapo, baba?"

Mzee Matayo alichukua kijiti akachokoa makaa. Nilimwona akifikiri, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuulizwa.

Alipoitwa ndani, Mtwa hakumwuliza alichokijua. Alimwuliza alisimama wapi Stefano aliposema maneno yale, na ni nani aliyekuwa kushoto kwake. Mzee Matayo alitazama juu, akatazama chini, akavua kofia.

"Mtwa, mimi sikuwapo," alisema. "Lakini habari hii naijua vizuri kuliko waliokuwapo."

"Nani alikupa?"

"Alinipa Yona."

Baraza lilicheka. Mtwa hakucheka, wala mimi. Yona aliinamisha kichwa.

Shahidi wa pili, aliyekuwa ameota moto pamoja na watu wa mpaka, alisema kwamba Stefano alikuwa ameketi, tena kwa shati, na kwamba hakumbuki maneno. Wa tatu, mtu wa haki aliyekuwa amezibwa na ufasaha wa mwenzake, alikumbuka jambo halisi: alimsikia Stefano akimshukuru Yona, kabla Yona hajakwenda mkonge, kwa jembe alilomwazima. Jembe, si bonde. Mnaona jinsi kitu kinavyokua kikiitikiwa. Liliingia motoni jembe, likatoka shamba zima na blanketi.

Mzee Petro aliitwa mwisho. Alikuwa ameketi asubuhi yote kati ya watu wasiomjua, na nadhani alikuwa amekutana tena na kumbukumbu zake mwenyewe. Mtwa alimwuliza habari ya blanketi.

"Blanketi lile nililikuta motoni, Mtwa," alisema. "Wenzangu walikuwa nalo, nami nikalipokea. Nilichokiona mimi ni Stefano anakata matete. Nilimshikia kamba ya kunyoosha mfereji, miguu yangu imo majini, na nikaugua kifua baada ya hapo. Nendeni mkautazame. Umepinda karibu na jiwe, kwa sababu niliishika kamba vibaya, na Stefano alinigombeza."

Mtwa, wazee wa baraza na mimi tuliteremka bondeni siku hiyo hiyo, pande zote mbili zikitufuata. Mfereji ulikuwa umenyooka vizuri kutoka chemchemi hadi karibu na jiwe kubwa, na hapo ulipinda. Mzee Petro alisimama kwenye mpindo akaonyesha alipokuwa. Mama Eliya alikuwa nyuma yake. Alimwambia, kwa sauti ndogo ambayo nadhani hakutaka tuisikie, "Mjomba, miaka yote hii nimekuwa nikimlaumu Stefano kwa huu mpindo."

Kinyungu kilibaki kwa Mama Eliya na watoto wake. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Matuta ya kwanza yaliinuliwa kesho yake. Kuhusu Yona, wazee waliona mateteni chini ya chemchemi mahali ambapo hapajafunguliwa na mtu, wakamwonyesha. Alipafungua kwa jembe lile lile, naye Mzee Petro, kwa ushupavu wake, akajitolea kumshikia kamba. Yona alikataa kwa heshima.

Mpango wa mioto ulienea katika mabaraza yote niliyoyasimamia. Afisa Mwingereza wa wilaya, tuliyemwita Bwana Shauri, alipofika Makambako katika ukaguzi aliuliza kama tunachoma matofali. Nilimweleza sababu. Alivua glavu na kuuliza yeye aote wapi, maana upepo haukujali cheo. Kwa kuwa rufani za mashauri yote yale zingefika mezani kwake, nilimwonyesha moto wa matarishi, ambao haukuwa na shauri lolote. Aliota hapo, na Kalebi akamfundisha kuchoma viazi.

Mnaweza kusema kwamba mahakama za leo zina vyumba na majiko, na kwamba mioto yangu ni habari ya kale. Sikubaliani nanyi. Popote mtakapowaweka watu wasubiri pamoja, pana moto, hata kama hamuuoni. Kazi ya msimamizi ni kwenda kusimama ukutani na kuutafuta.

Nimebakiza jambo moja. Siku chache baada ya hukumu, Mama Eliya alikuja ofisini akiwa amebeba kitu katika kanga. Sikutaka hata kujua ni nini. Nilimwambia kwamba muda wa rufani haujapita, na kwamba hata ukipita, mtumishi wa baraza hapokei kitu kwa mtu aliyekuwa na shauri mbele yake. Alikaza fundo la kanga, akaondoka. Nilikumbuka jiwe la kusagia.

Muda wa rufani ukapita, kipupwe kingine kikaja. Asubuhi moja ya baraza, nikiwa Makambako, nilimwona akipanda kutoka bondeni na mzigo mkubwa wa kuni kichwani, Eliya akimfuata na mdogo wake. Hakuja ofisini. Alikwenda uani, akautua mzigo, akaufungua, akaanza kupita moto baada ya moto, akiweka kipande hapa na kipande pale, bila kuruka hata mmoja. Nilitoka nje kumzuia.

"Kamwene, Karani," alisema, bila kusimama. "Hujapewa kitu wewe. Ni za mioto hii."

Nilirudi ndani nikafungua mkoba wangu. Nilizipitia kanuni zote za mahakama nilizokuwa nazo, mstari kwa mstari, na sikuipata inayomkataza mtu kuupa moto kuni.